MEZA ZA DUARA ZA ESSAOUIRA

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mwenye kutembea huona zaidi.

Msomaji mpenzi, hebu tazama sebule ya nyumba yako. Zamani za babu zetu mgeni alikaribishwa barazani juu ya jamvi, kahawa ikaja ndani ya dele, na sinia ikatuliwa chini baina ya watu. Leo, katika nyumba nyingi za miji yetu, jamvi limepisha makochi, na kochi halina mahali pa kuweka kikombe. Ndipo ikaingia ile meza ndogo ya mbao, aghalabu ya duara, ambayo wengi wetu huiita stuli, na mama wa nyumba huivika kitambaa cha kufuma. Ni chombo kidogo mno. Hakuna aulizaye kilitoka wapi wala mti wake ulikatwa na nani.

Lakini uko mji katika bara letu hili la Afrika ambao meza hiyo ndogo imeupa chakula na sifa. Mji huo ni Essaouira, katika pwani ya Moroko, na mti wake waitwa arari. Wazee wa kale walikwisha kuutamani mti huo hata wakaumaliza katika baadhi ya milima, na leo twaona mambo yale yale yakitaka kurudi. Habari hiyo yatuhusu sisi pia, kwani nasi tunayo miti yetu na sebule zetu.

NJIA NA MJI

Mtu atokaye Marrakech kuelekea magharibi husafiri kiasi cha kilomita 180 kabla ya kuiona bahari ya Atlantiki. Mwanzo wa njia ni uwanda mkavu. Kisha huanza miti ya argani, mti mfupi wenye miiba ambao kokwa zake hukamuliwa mafuta, na ambao mbuzi hupanda hata matawini kuyafuata matunda yake. Msafiri wa kwetu huliona jambo hilo akacheka, akidhani macho yamemdanganya. Walakini ni kweli, mbuzi wamesimama juu ya mti kama kunguru.

Mara harufu ya bahari huingia. Bahari ile si kama yetu ya Hindi. Maji yake ni ya baridi, na upepo wake huvuma kwa nguvu, hasa wakati wa kiangazi, hata wanawake hushika majuba yao kwa mikono miwili wapitapo bandarini. Nyumba ni nyeupe, milango na madirisha rangi ya buluu, na madau ya wavuvi nayo ni ya buluu, yamefungwa pamoja katika bandari ndogo chini ya shakwe wengi wapigao kelele.

Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu hushangaa kuona kwamba njia kubwa za Essaouira zimenyooka. Sababu yake ni kuwa mji huu haukukua wenyewe kidogo kidogo, bali ulichorwa kwanza ndipo ukajengwa. Sultani Sidi Muhammad bin Abdallah, aliyetawala Moroko tangu mwaka 1757 hata 1790, alitaka bandari ya kufanya biashara na Ulaya, na katika miaka ya 1760 alimtumia mhandisi Mfaransa aitwaye Théodore Cornut katika kuupanga. Kabla ya hapo Wazungu walipaita mahali hapo Mogador, na Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1506. Mwaka mmoja tu nyuma, yaani 1505, Wareno hao hao waliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Basi pwani hizi mbili, moja ya machweo na moja ya mawio, zilionja shubiri moja kwa wakati mmoja. Na tena zilipewa heshima moja kwa wakati mmoja, kwani ni katika mwaka 2001 Shirika la UNESCO lilipouandika mji wa kale wa Essaouira katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka huo huo likauandika mji wa kale wa Lamu.

CHINI YA NGOME

Upande wa baharini mji umezungukwa na ukuta mnene uitwao Skala, na juu yake yamepangwa mizinga ya zamani ikielekea mawimbini. Mizinga hiyo sasa hupandwa na watoto tu. Lakini chini ya ukuta viko vyumba vya mawe vyenye dari la upinde, ambavyo zamani viliwekwa baruti na zana za vita. Humo ndimo waliingia mafundi seremala. Mahali palipowekwa vitu vya kuua watu, leo hutoka meza za kuwakaribishia wageni. Ni mabadiliko mema, na laiti ghala zote za baruti duniani zingalipata bahati hiyo!

Msafiri hahitaji kuulizia njia, kwa sababu harufu humwongoza. Mbao za arari zina manukato makali na matamu, na vumbi la msumeno likiruka hujaza kichochoro chote. Ndani ya chumba fundi ameketi chini ya taa moja, na mbele yake kipo kitu ambacho asiyejua angekidhania kuwa ni jiwe. Ni nundu ya mti, nyeusi, yenye mikunjo, na udongo mwekundu umeganda katika mikunjo hiyo. Hupasuliwa kwa msumeno, na hapo ndipo mtu huona ajabu. Ndani yake ni rangi ya asali na ya hudhurungi, imejaa vidoa vya mviringo kama macho, vikubwa na vidogo, vimetapakaa kama matone ya mvua juu ya mchanga.

Kazi ya kutengeneza meza moja ndogo haina haraka. Kwanza mbao hukaushwa muda mrefu, kwani ubao mbichi hujikunja na kupasuka ukiisha kuwa meza. Kisha fundi hukata duara la uso wa meza. Aghalabu huutia njumu: hukata nyota au ua katika mbao kwa patasi nyembamba, akajaza mahali hapo vipande vya mlimau ulio mweupe wa manjano, au vya mti mweusi, na mara nyingine uzi wa fedha au gamba la chaza lingʼaalo. Miguu huchongwa juu ya kerezo. Mwisho hupigwa msasa mara nyingi, kila mara msasa laini kuliko uliotangulia, kisha mafuta au vanishi, na kusuguliwa kwa kitambaa hata uso wa meza urudishe nuru ya dirisha.

Hapa inafaa kumfahamisha msomaji jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi. Si kila meza ya arari imetoka katika nundu. Ziko zilizotengenezwa kwa shina la kawaida, nazo zina mistari iliyonyooka kama mbao nyinginezo. Ziko ambazo ni mti mwingine wa bei nafuu uliobandikwa juu yake ubao mwembamba wa nundu. Na ziko chache ambazo ni nundu tupu, nzito, za thamani kubwa. Hiyo aina ya pili haina aibu. Kwa hakika fundi abandikaye ubao mwembamba kwa ustadi huifanya nundu moja itoshe meza nyingi, na tutaona mbele kwa nini jambo hilo ni bora.

MTI WENYE JERAHA

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Tetraclinis articulata. Ni wa jamii ya misaipresi, ile miti ya majani membamba ipandwayo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Huota Moroko, Algeria na Tunisia, na ngʼambo ya bahari ya Kati hupatikana kidogo tu, karibu na mji wa Cartagena katika Hispania na katika kisiwa cha Malta, ambako umefanywa mti wa taifa. Haukui upesi, wala si mti mrefu. Mingi haipiti mita 15. Huvumilia ukame na udongo mbaya, na mizizi yake huushika udongo wa vilima visije vikasombwa na mvua.

Miti mingi ya jamii hiyo ikikatwa imekufa. Arari haifi. Ukikatwa, au ukichomwa na moto wa msituni, au mche wake ukitafunwa na mbuzi, hutoa machipukizi mapya kutoka shinani. Na kila ujeruhiwapo na kuchipuka tena, shina lake huvimba chini, macho ya machipukizi yakikusanyika mengi mahali pamoja, hata baada ya miaka mingi ikafanyika ile nundu, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya ardhi. Basi yale macho mazuri tuyaonayo juu ya meza ni kumbukumbu ya majeraha: kila moja ni chipukizi lililokuwa tayari kuuhuisha mti.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwenye kukata tawi au shina la arari ameuachia mti uhai wake. Lakini mwenye kutaka nundu hana budi kuchimba, na akiisha kuing'oa amekwisha kuung'oa na mti wenyewe, kwa maana nundu ndiyo akiba ya uhai wake. Uzuri tuutakao na uhai wa mti vimo mahali pamoja.

Tena mti huu hutoa utomvu uitwao kwa Kiarabu sandarusi, ambao tangu kale hutumiwa kwa vanishi. Msomaji wa pwani atashtuka kusikia neno hilo, kwani ni neno letu! Wazee wetu walipouona utomvu wa mti wa mwambao wa Mrima, walioufukua ardhini na kuupeleka Unguja, waliupa jina hilo hilo la sandarusi, na katika karne ya 19 majahazi na merikebu ziliuchukua mpaka Salem katika Marekani kufanyiwa vanishi za samani. Miti ni mbalimbali kabisa, bali jina lilisafiri na wafanyi biashara, na kazi ni moja.

MEZA ZILIZOMALIZA MLIMA

Sasa turudi nyuma miaka elfu mbili. Katika zama za Warumi hapakuwa na samani iliyotamaniwa kuliko meza ya duara ya mti huu, uso mmoja mzito juu ya mguu wa pembe ya ndovu. Mwandishi Pliny, aliyekufa mwaka 79 ulipolipuka mlima wa Vesuvius, ameeleza habari zake kwa urefu katika kitabu chake cha elimu ya viumbe. Anasema meza hizo zilitoka katika uvimbe wa mzizi, na kwamba bora ni ule uliokuwa wote chini ya ardhi. Matajiri walizipanga kwa nakshi: ziliko zenye mistari kama chui milia, ziko zenye mizunguko kama chui, na zilizopendwa zaidi zilikuwa na macho kama ya mkia wa tausi.

Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliyeuawa mwaka 43 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alinunua meza moja kwa sestersi 500,000. Msomaji apate kupima: askari wa Kirumi katika zama za Kaisari Augustus, muda mfupi tu baadaye, alilipwa sestersi 900 kwa mwaka. Yaani askari huyo angalihitaji kufanya kazi zaidi ya miaka 550, bila ya kula wala kuvaa, ndipo anunue meza ile moja. Na haikuwa ghali kuliko zote. Meza moja ya mfalme Juba wa Mauretania iliuzwa mnadani kwa sestersi 1,200,000. Mfalme huyo Juba ndiye ambaye viwanda vyake vya kutia nguo rangi ya zambarau vilikuwa katika visiwa vya pwani hii, na wanachuoni wa mambo ya kale huvitambua kuwa ndivyo visiwa vilivyo mbele ya Essaouira yenyewe. Mwanawe, Ptolemy, alikuwa na meza yenye upana wa futi nne na nusu, nayo iliungwa kwa nusu mbili kwa ustadi hata kiungo kisionekane.

Hata watu wa hekima hawakusalimika. Seneca, aliyeandika mengi ya kuusifu uchache wa mali na kuulaumu utajiri, alishutumiwa na maadui zake kwamba ana meza 500 za mti huu, zote zenye miguu ya pembe. Na Pliny amesimulia jambo la kuchekesha: wanaume wa Roma walipowalaumu wake zao kwa kupenda lulu, wake waliwajibu kwa kuwatajia meza zao. Basi ni nani aliyekuwa mfujaji?

Mwisho wa mambo hayo ameutaja Pliny mwenyewe kwa maneno machache. Uko mlima, asema, uliokuwa na miti iliyosifika kuliko yote, nao umekwisha. Miti haipo tena. Watu walikuwa wakishindana kwa meza za kuwekea vikombe vyao, na mlima mzima ukalipa.

MEZA KATIKA NYUMBA ZA MOROKO

Kutoka kwa matajiri hao tuingie katika nyumba ya kawaida ya Moroko ya leo, tuone meza ikifanya kazi yake iliyo njema. Chumba cha wageni kimezungukwa na matandiko marefu kando ya kuta, na katikati ipo meza ya duara, ya chini, ambayo watu wa huko huiita mida. Neno hilo ni la asili moja na Maida, jina la sura ya tano ya Kurani tukufu. Neno letu la meza halikupita njia hiyo. Wachunguzi wa lugha hulihusisha na Kireno au Kiajemi. Chakula huja katika chombo kimoja kikubwa, nao hukaa duara na kila mtu hula upande wake. Duara halina kichwa wala mkia. Mtoto na babu yake wako mbali sawasawa na chakula.

Baadaye huja chai ya nanaa, katika buli la madini, juu ya sinia, na sinia juu ya meza ndogo. Humiminwa kutoka juu katika bilauri ndogo hata ifanye povu. Watu wengi hudhani kuwa chai hiyo ni ya tangu na tangu, ilhali ilienea Moroko katika karne ya 19, na bandari ya Essaouira ilikuwa mojawapo ya milango iliyoingizia majani ya chai kutoka Uchina. Basi meza ndogo ya chai na mji huu vilikua pamoja.

Katika Sahihi ya Bukhari imo habari kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akila juu ya meza iliyoinuliwa, bali chakula chake kilitandikwa juu ya sufra. Maulamaa hawakulifahamu hilo kuwa ni katazo la meza. Walilifahamu kuwa ni mwenendo wa unyenyekevu. Kwa hiyo mwenye meza na mwenye mkeka wote hawana lawama. Lawama iko katika kiburi na katika israfu, nayo huweza kukaa hata juu ya mkeka.

Tukizungumza habari za Moroko na ukarimu, hapana budi kumkumbuka Ibn Battuta, mtoto wa Tangier, aliyefika pwani yetu mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu aliletewa wali wa samli ndani ya sahani kubwa ya mti, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na maembe. Alipofika Mombasa aliona misikiti iliyojengwa kwa mbao, akaisifu kuwa imejengwa kwa uimara, kisha akaendelea hadi Kilwa. Yule Mmoroko aliziangalia mbao zetu kwa jicho la heshima. Si vibaya nasi tukiziangalia zake kwa jicho hilo.

HATARI YA SASA

Misitu ya Moroko ni mali ya dola tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 1917, na kuichimba nundu bila ya kibali ni kosa. Walakini sheria ni kitu kimoja na usiku ni kitu kingine. Vilima vya nchi ya Haha, kusini ya Essaouira, vina watu maskini, na nundu moja nzuri ni fedha nyingi kwa mtu aliye na jembe na punda. Anachimba, anafukia shimo, na asubuhi hapana kitu isipokuwa udongo uliotibuka. Mti uliochukua makumi ya miaka kuifanya nundu ile umekwenda kwa usiku mmoja.

Wenye kudhurika mbele ni mafundi wenyewe. Nundu kubwa zimekuwa adimu, na fundi mzee aliyezoea kutengeneza meza ya kipande kimoja sasa huunga vipande vidogo. Vijana wao huona taabu ya kukaa mwaka baada ya mwaka wakijifunza njumu, ilhali mtalii hana wakati wa kutofautisha kazi ya mwezi mmoja na kazi ya siku moja. Msitu ukiisha na subira ikiisha, vyumba vile vya Skala vitabaki na mizinga yake ya juu tu.

Lakini si haki kumtupia lawama mchimbaji peke yake. Yeye huchimba kwa sababu yupo anunuaye, na yule wa mjini hununua kwa sababu yupo mgeni atakaye macho mengi zaidi, meza kubwa zaidi, kipande kizito zaidi. Mnyororo huo huanzia sebuleni. Ni ule ule uliofungwa Roma.

SISI NA MITI YETU

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Sisi tunao mpingo, mti mweusi mgumu ambao Tanzania imeuchagua kuwa mti wa taifa. Husafirishwa Ulaya kufanyiwa zumari na ala nyingine za muziki, na wachongaji wetu huuchonga vinyago. Nao pia haukui upesi, nao pia ulikatwa bila ya hesabu. Lakini huko Kilwa, mji ule ule aliouzuru Ibn Battuta, baadhi ya vijiji vimepewa madaraka juu ya misitu yao. Huhesabu miti, huamua mingapi ikatwe, na fedha zake hubaki kijijini. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha utunzaji mwema, na ikawa ya kwanza barani Afrika miongoni mwa misitu ya asili itunzwayo na wanavijiji wenyewe. Yaani jambo hili lawezekana. Mwenye msitu akiwa na faida katika mti uliosimama, hatauchimba usiku.

Na sisi wa mijini tuna sehemu yetu. Atakaye meza ndogo ya duara kwa sebule yake na azingatie mambo haya.

Kwanza, amuulize fundi mti umetoka wapi. Swali hilo si la kumtia mtu aibu. Fundi mwaminifu hulijibu kwa furaha, na asiyeweza kulijibu amekwisha kujibu.

Pili, ajue kuwa iko miti mingi ya kwetu ifaayo kazi hiyo bila ya kuudhuru msitu. Mwembe na mfenesi uliozeeka na kuacha kuzaa hutoa mbao nzuri. Mbao za majahazi makuukuu zilizokwisha kuonja chumvi miaka mingi hufanyiwa samani katika pwani yetu, na matundu ya misumari yake ni pambo lake.

Tatu, aangalie umbo. Meza ya pembeni ifaa ikaribiane na mkono wa kochi, kiasi cha sentimita 50 au 60, ili mgeni asiiname wala asinyooshe mkono juu. Duara lina fadhila kwa nyumba yenye watoto, kwa kuwa halina pembe ya kuwapasua vichwa. Na miguu mitatu hutulia hata juu ya sakafu isiyo sawa, wakati meza ya miguu minne hutikisika.

Nne, aitunze. Asiiweke penye jua kali la dirisha, aweke kisahani au kitambaa chini ya kikombe cha moto, na aipake mafuta mara kwa mara. Meza iliyotunzwa hurithiwa, na meza irithiwayo huuachia mti mmoja uhai huko msituni. Hiyo ndiyo hesabu yake.

Ewe kijana usomaye haya, huenda siku moja ukafika Essaouira, ukapita chini ya Skala, na harufu ile ikakuita. Ingia, msalimu fundi, kaa utazame mikono yake. Ukinunua, nunua kitu kidogo kilichofanywa kwa ustadi mkubwa, wala usitafute kitu kikubwa kilichomaliza mti. Na ukirudi nyumbani ukakiweka sebuleni, kumbuka kwamba meza ya Cicero, pamoja na bei yake yote, haikuwa na kazi nyingine ila kubeba vikombe na sahani. Stuli ya mwembe iliyo mbele ya mgeni aliyekaribishwa kwa uso mkunjufu inaifanya kazi hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema zake na kuzitunza, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa wafujaji. Amin.